Kizimba cha Waya Juu ya Modemu

Nyinyi vijana mnaokaa sasa kwenye meza yangu pale Kamalondo, hapa Lubumbashi, kila mkinisalimu mnaniuliza swali lilelile: Papa Donat, mbona kwenye sanduku lako la vifaa tumekuta nyaya zilizopindwapindwa, hazifungi kitu, haziunganishi kitu? Nimesikia wengine mmeshazitupa. Haya, nawasamehe. Lakini nimestaafu, muda ninao tele, na mke wangu amechoka kunisikiliza, basi sikilizeni nyinyi. Fundi wa wifi anayekwenda kwa mteja bila fumbo moja la waya mfukoni, huyo hajakomaa.

Nianze na aibu yangu, msije mkadhani nimekuja kujisifu. Mimi, mtu wa waya tangu ujana, niliwahi kuifungia intaneti ndani ya kizimba, nikatia kufuli, nikasifiwa na mtaa mzima, nikanywa chai, nikaenda zangu nyumbani. Kwa ustadi wangu huo baba mmoja alikaribia kukosa kumwozesha binti yake wa pekee. Nitafika huko, msinikimbize.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa laini za simu, zile za kwenye nguzo. Mkubwa wetu alikuwa Papa Mwape, Mubemba mfupi, mkavu, asiyependa maneno. Saa ya kula wenzake wakilala, yeye aliokota vipande vya waya vilivyobaki, akatoa koleo, akaanza kupinda. Ukigeuka unamkuta ametengeneza moyo wa waya na pete inaning'inia ndani yake. Anakurushia. Kazi yako ni kuitoa ile pete bila kutumia nguvu. Mpaka uitoe, hugusi laini ya mteja. Unabeba ngazi tu.

Nilibeba ngazi wiki tatu. Wiki ya nne hasira zikanishika, nikajificha nyuma ya gari, nikaupanua ule moyo kwa koleo, pete ikatoka, nikaubana tena vizuri. Nikampelekea Papa Mwape huku nacheka. Yeye hakutazama hata kidogo. Alipitisha ukucha wake juu ya waya, taratibu, ukucha ukakwama palipoumwa na meno ya koleo.

"Donat," akasema, "hii pete imetoka, ao umevunja mulango?"

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akaurudisha mkononi mwangu na kunipa somo ambalo ndilo mshahara wangu mkubwa wa miaka ile yote.

"Waya haina hasira na weye. Pete haikujiingiza, kuko muntu aliiingiza. Fuata njia yake nyuma-nyuma. Kile aliweka mwisho, njo utoe kwanza."

Jioni ile nilianza na kilichowekwa mwisho, pete ikatoka. Ilitoka laini kabisa, kama mtu anayeaga. Nilipiga kelele hadi mbwa wa jirani wakabweka.

Kwa wale mnaotaka kutengeneza, nisikilizeni vizuri. Usitumie shaba. Ni laini mno, fumbo litapinda mikononi mwa mteja, na tena hapa kwetu shaba haikai mezani mpaka jioni, mtu ameshaondoka nayo. Chukua waya wa ua, ule mgumu. Pete izungushe kwenye mti wa ufagio mara mbili, ndipo ukate, mduara utoke sawa. Ukipinda, pinda mara moja tu na uwe na uhakika. Waya uliopindwa na kunyooshwa mara tatu mahali pamoja unachoka, unakatika. Ncha uzisugue na tupa mpaka zipite shavuni bila kukukwaruza. Mimi nilijaribia shavuni kweli, na alama ninayo hapa, chini ya jicho la kushoto.

Kisha simu za nguzo zikafa. Hakuna aliyetuaga. Asubuhi moja tulikuta watu wameanika nguo kwenye laini niliyoivuta kwa mikono yangu, shati jekundu na mashuka mawili, na hakuna mteja hata mmoja aliyekuja kulalamika. Nililia, nasema wazi. Nilikuwa na watoto wanasoma, na nilichokijua mimi duniani ni waya.

Aliyeniokoa ni binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, jina lake Clarisse, alikuwa na chumba cha kompyuta karibu na soko. Alinifundisha wifi kwa uvumilivu ambao sikustahili. Siku ya kwanza alinionyesha kompyuta imeingia kwenye intaneti, nikainama chini ya meza.

"Papa, unatafuta nini kule?"

"Waya."

"Haiko, Papa. Ni hewani."

"Hewani inapita wapi?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini hakuniita mjinga hata siku moja, na ninyi pia msimwite hivyo mtu mzima anayeuliza.

Clarisse alinifundisha kuuliza maswali madogo kwanza. Wifi ya kompyuta yenyewe imewashwa? Maana kuna kitufe pembeni, mtoto akikigusa, baba wa nyumba anaita fundi. Jina la mtandao uliouchagua ni la kwenu, ama ni la jirani? Neno la siri umeliandika kwa herufi kubwa na ndogo kama lilivyo? Ukikwama, iambie kompyuta iusahau mtandao ule, uingie upya kama mgeni. Modemu izime, hesabu mpaka thelathini, iwashe. Iweke juu, isiwe nyuma ya friji wala kioo. Na tazama saa! Nilikaa siku nzima kwa mteja wa mtaa wa Bel-Air, wifi imeshika vizuri, kurasa zinakataa kufunguka. Nilibadilisha kila kitu isipokuwa mteja mwenyewe. Nikampigia Clarisse, akaniuliza, "Papa, pale chini kwenye kompyuta, ni mwaka gani?" Betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa, kompyuta ilidhani tuko miaka mingi nyuma, na kurasa hazikuiamini. Nikarekebisha saa, mambo yakaisha hapohapo. Nilimwambia mteja kuwa ilikuwa kazi ngumu.

Sasa mafumbo yanaingia wapi? Yanaingia kwenye vidole vya mteja. Mtakutana na Mama Bernadette wenu. Wangu alikuwa mfanyabiashara, wazazi wake walitoka Kasai, mwanamke amesoma, ana haraka, na kila ninapobonyeza yeye anabonyeza. Naandika neno la siri, yeye anafuta. "Papa Donat, mi naona ni hapa." Anabofya. "Ao ni hapa." Anabofya tena. Ndipo nikakumbuka moyo wa waya wa Papa Mwape uliokuwa mfukoni mwangu.

"Mama, nisaidie kitu kimoja. Toa hii pete, lakini hapana kulazimisha."

Vidole vyake vikahama kutoka kwenye kompyuta mpaka kwenye pete. Nilimaliza kazi yangu kwa utulivu wa kanisani. Shida ikawa kuondoka, maana aliniwekea kiti mlangoni na kusema sitoki mpaka pete itoke. Tangu siku hiyo sikuingia nyumba ya mtu bila fumbo.

Haya, Papa Ramazani.

Papa Ramazani ni mshonaji, yuko Kamalondo, ukoo wake wa Maniema, Mwislamu asiyekosa sala. Mke wake alifariki binti yao Zaina angali mdogo sana. Alimlea peke yake, mtoto anacheza na vipande vya vitambaa chini ya cherehani. Zaina akasoma uuguzi, akapata kazi Kindu, kulekule Maniema, na huko akapata mchumba, Idrisa. Ndoa ikapangwa ifungwe hukohuko. Papa Ramazani akajishonea kanzu ya safari, akaaga mtaa mzima, kisha akateleza kwenye ngazi ya duka lake mwenyewe. Mguu ukaingia plasta. Daktari akasema ndege asahau.

Kwao baba ndiye hutamka maneno ya kumtoa binti. Akishindwa, anaweza kumpa mwingine niaba yake, na mdogo wake Saidi alikuwa ameshafika Kindu. Kila mtu aliona jambo limekwisha. Mzee alikataa katakata.

"Saidi iko muntu muzuri," aliniambia. "Lakini ule mutoto ni mi nilimulea. Ni mi nitamutoa. Na kinywa yangu, hapana ya mwengine."

Sheikh wa Kindu alikubali atamke kupitia kompyuta, kwa sharti moja: mashahidi wamwone uso na wasikie kila neno bila kukatika. Ikikatika, Saidi atatamka, na sala ya adhuhuri haitamngoja mtu.

Niliwahi mapema. Niliweka modemu juu kwenye rafu ya duka, nikaunganisha kompyuta aliyoiacha Zaina, tukajaribu. Zaina akatokea, uso safi, akacheka kuona baba yake ameishonea plasta mfuko wa kitambaa cha maua. Mzee akagusa kioo kwa kidole. Kazi ilikuwa imekwisha, na mimi ningeondoka pale, leo nisingekuwa na hadithi.

Lakini wiki ile jirani alikuwa ameibiwa redio kupitia dirishani, kwa mti wenye ndoano. Mzee akaitazama modemu ikipepesa taa zake.

"Papa Donat, bezi bataona hii kitu inawaka-waka pale juu. Bataniharibia ndoa."

Nikamwambia, acha hofu ya wezi, umekutana na mtu wa waya. Nikaenda nyumbani. Nilifanya kiunzi cha nondo nyembamba, nikakizungushia wavu wa chuma wa matundu madogo, hata mtoto wa panya hapiti, pande zote na juu, na chini bati. Pembe nilizifuma kwa mkono. Nilikipeleka siku mbili kabla ya ndoa, nikaitia modemu ndani, nikakaza kizimba kwenye rafu kwa boliti, nikaning'iniza kufuli. Watu wakaingia dukani kuangalia. Mzee alikigonga kwa gongo lake mara mbili, akasema, "Ah, hii njo kazi!" Mimi nikaona taa zinawaka mle ndani, nikaridhika. Sikuwasha kompyuta. Nilikunywa chai, nikapokea sifa.

Siku ya ndoa nikafika asubuhi na shati la Jumapili. Mzee amevaa ile kanzu ya safari, amekaa mbele ya kompyuta, mguu umewekwa juu ya kiti. Nawasha. Wifi inaonyesha mstari mmoja, inashika, inakata. Nikatabasamu. Nikaingia upya. Inashika, inakata. Nikazima modemu kwa kuchomoa waya wa umeme ukutani, nikahesabu thelathini, nikachomeka. Nilitazama juu, ile taa ya mawasiliano ikawa nyekundu.

Simu ya mzee ikalia. Yake ni ya vitufe kama yangu, na jirani mwenye simu kubwa alikuwa amekwenda mjini nayo. Aliyepiga alikuwa Saidi.

"Kaka, tuko bote. Sheikh anauliza."

"Mwambie angoje," mzee akasema.

Nikafanya yote aliyonifundisha Clarisse. Jina la mtandao, sawa. Neno la siri, sawa. Saa ya kompyuta, sawa. Nikausahau mtandao, nikarudi kama mgeni, mgeni akafukuzwa. Nikailaumu kampuni ya simu, nikalaumu mawingu, nikaulaumu mnara. Mzee naye vidole vikaanza kutambaa kuelekea kwenye vitufe, nikamwekea fumbo mkononi bila kumtazama. Ule moyo wa waya wenye pete, hata sikufikiri.

Simu ikalia tena. "Kaka, sheikh anasema dakika kumi. Baada ya ile, mi nitasema kwa nafasi yako."

Mzee alikata simu. Akabaki ameshika lile fumbo. Mikono iliyoshona nguo za mtaa mzima ikaizungusha pete huku na kule. Akasema kwa sauti ndogo, si kwangu, ni kama kwa pete:

"Lakini weye uliingia namna gani humu ndani?"

Jamani! Nilisikia ukucha wa Papa Mwape ukipita juu ya waya. Kile aliweka mwisho, njo utoe kwanza. Sisi tulizungumza na Zaina, uso safi, kabla. Baada ya pale, nani aliweka kitu? Mimi. Niliweka nini? Niliinua macho taratibu, nikakiona kizimba changu kizuri, pembe zimefumwa kwa mkono, na modemu imefungwa ndani yake imezungukwa na chuma pande zote. Wifi haikupata pa kutokea, wala mawimbi ya mnara hayakupata pa kuingilia. Nilikuwa nimezuia mwizi na nimezuia intaneti pamoja naye.

"Papa Ramazani, ufunguo!"

"Ufunguo gani?"

"Wa kufuli!"

"Iko kwa dada yangu. Niliona kwake iko salama zaidi."

"Na dada yako iko wapi?"

"Soko."

Sikusema neno ambalo lingefaa. Nilipanda juu ya meza ya kukatia nguo, kwa viatu, juu ya kitambaa cha mteja, Mungu anisamehe, nikatoa koleo. Nikaanza kuukata ule wavu, tundu kwa tundu. Wavu ule niliuchagua mwenyewe kwa sababu haukatiki. Kila waya ulinifanyia jeuri, kila waya niliutukana. Mzee chini anahesabu dakika kwa sauti, ananiongezea presha.

"Papa Donat, zinabakia dakika ine!"

"Nyamaza, mzee wangu, nakata!"

"Tatu na kidogo!"

Nikautoboa upande mmoja, nikaingiza mkono, ncha zikanichana mpaka kiwiko, nikaishika modemu, nikaivuta nje na waya wake. Nikaiinua juu kwa mikono miwili, kama padri na kikombe, nikasimama hivyohivyo juu ya meza. Taa nyekundu. Nyekundu. Kisha kijani. Chini yangu kompyuta ikaanza kuita.

"Usiguse!" nikapiga kelele.

"Nisiguse nini? Nijibu na nini?"

"Gusa! Gusa kile cha kijani!"

Akagusa. Chumba cha Kindu kikafunguka mbele yake, kofia nyeupe zimejaa, na Saidi ameshasogea mbele karibu na sheikh, kinywa wazi. Alipomwona kaka yake, alirudi nyuma hatua mbili bila kuambiwa. Nilimpenda sana yule mtu kwa zile hatua mbili.

Sheikh akauliza kama wanasikilizana. Mzee akaweka fumbo chini, akanyoosha mgongo. Sauti yake ilitoka kavu, pana, sikuwahi kuisikia hivyo akiwa dukani. Akamwita Idrisa kwa jina lake na la baba yake, akasema, "Nimekuozesha mutoto wangu Zaina, kwa mahari tuliyopatana."

Sheikh akamgeukia Idrisa. Mimi juu ya meza sikuvuta pumzi, nikiogopa nitaisukuma wifi.

"Nimekubali," Idrisa akasema.

Vigelegele vikalipuka kule mpaka spika ndogo ya kompyuta ikakoroma. Nikaketi palepale mezani, modemu imewekwa mapajani kama mtoto, damu inatiririka mkononi, nikacheka. Nikacheka kwa faraja ambayo sijaipata tena, hata siku niliyostaafu. Ile sehemu ya kizimba iliyobaki mzee anafunikia vifaranga, na anasema tangu nimfumie hajaibiwa kifaranga hata kimoja.

Basi, wanangu, hizo nyaya mnazozitupa ndizo hizo. Mkikwama, msianze kulaumu mnara. Tazameni mikono yenu wenyewe, mliweka nini mara ya mwisho. Na ukiweka kitu, hata kizuri namna gani, jaribu tena kabla ya kunywa chai.

Watu wa Kindu walipopungua, Zaina alikaribia kompyuta na hina yake mikononi. Akamtazama baba yake muda mrefu.

"Baba? Uko unalia?"

"Mi? Hapana." Mzee akajipangusa kwa mkono wa kanzu. "Ni réseau, mwanangu. Inachezesha sura. Huku Lubumbashi réseau iko mubaya."

Nikaichungulia alama ya wifi, hiyo réseau yake, kutoka mezani. Mistari yote ilikuwa imejaa.

Zaina naye alikuwa amejaa machozi mpaka kidevuni. Akatikisa kichwa.

"Njo vile, Baba," akasema. "Hata huku iko mubaya."